Kumbukumbu za Kikao cha Orofa

Ajenda ya tatu: urefu.
Kalamu ya kaunti inakatakata wino
mwekezaji anapofunua kitambaa
na kutuonyesha mji wake wa kadibodi:
orofa ishirini na mbili, vioo vya nailoni,
mti mmoja wa sponji,
na mtu mdogo kama punje ya mchele
anatembeza mbwa mweupe barabara ya Msikiti,
pale pale nilipouruka mtaro leo asubuhi.

Mhandisi Limo anasimama. Hana haraka.
Menengai amelala, anasema, hakuna aliyemzika.
Tumejenga juu ya majivu yake,
na majivu hayana agano na mtu.
Tano zatosha. Sita, kwa shingo upande.
Naandika: "Mhandisi alishauri tahadhari."

Bi Wangechi Kabiru hamsubiri aketi.
Jiji la orofa tano, anasema, ni soko lililovaa tai!
Mtoto hakatazwi kusimama
eti sakafu ni ngumu.
Wanangu wawili wako Nairobi,
wanapanda na kushuka kwa lifti za wenyewe.
Makofi. Mtu wa nyuma anapiga mluzi.
Naandika: "Mjumbe aliunga mkono."
Siandiki kwamba viganja vyangu navyo viliwasha,
kwamba nina miaka thelathini na mmoja,
chumba kimoja Kaptembwa, dirisha linatazama ukuta,
na mji huu nilimozaliwa
sijawahi kuuona wote kwa mkupuo mmoja.

Kisha Mang'oli, mchimba mashimo ya vyoo,
asiyekuwemo kwenye orodha ya wasemaji,
anaweka mezani mkebe wa mafuta ya kupikia.
Ndani mna udongo wa futi thelathini chini,
wa kijivu, mwepesi kama unga wa njaa.
Anaumiminia chai yake, ile ya bure ya kikao,
na udongo unajikalia chini taratibu
mpaka nusu ya mkebe,
bila kelele.
Haongezi neno. Anarudi kitini na kikombe kitupu.

Nguzo zitashuka hadi kwenye mwamba, anasema mwekezaji.
Mwamba upi? anauliza Limo.
Wa bei gani? anauliza Wangechi,
safari hii kwa sauti ndogo.

Saa tisa kasoro, Nyaboke wa cherehani,
ambaye baraza lake ni la duka la mawe
lenye mwaka 1938 juu ya mlango,
duka lililoachwa nje ya ukingo wa kadibodi,
anaomba swali moja tu.
Saa kumi jioni kivuli chenu kitalala wapi?
Mimi hutunga uzi kwa jua.
Macho yangu si ya taa.

Wanatazamana.
Wana hesabu ya saruji, ya magari, ya majitaka;
ya kivuli hawakuja nayo.
Mwenyekiti anakohoa: limepokelewa.
Naandika: "Swali lilipokelewa,"
na wino unaisha hapo hapo,
neno la mwisho likabaki mkwaruzo
unaosomeka kwa kidole.

Uamuzi: mashimo ya majaribio yachimbwe,
tukutane tena baada ya mwezi.

Nilipokwisha kupanga viti
nilipanda ngazi za jengo letu hadi kwenye matangi ya maji.
Orofa nne. Bawabu alinidai sigara, sina.
Niliona mabati, shuka za watu, mnara wa simu,
na kipande cha ziwa kisichozidi leso.
Upande wa kreta, bango la sabuni.
Moja zaidi, niliwaza. Orofa moja tu
nami ningeuona mgongo wote wa mlima.

Halafu nikatazama chini.
Kivuli chetu, cha hizi nne tu,
kilikuwa kimevuka barabara na kupanda baraza,
na Nyaboke, pini mdomoni,
alikuwa akisukuma cherehani kwa goti,
shubiri kwa shubiri,
kulifuata jua.